Leo Vidole Vinasema Nini?

Ayub hakuwahi kuwa mtu wa kutulia, na Nyeri nzima ililijua hilo kabla hata mambo ya redio hayajaingia. Mpe chai, kijiko kitagonga kikombe mpaka chai ipoe. Mweke kwenye foleni ya benki, vidole vitagonga kaunta mpaka karani anune. Mkewe, Zuena, alikuwa na usemi wake: "Mimi sikuolewa na mtu, niliolewa na mvua juu ya mabati." Majirani zao wa Majengo walicheka, Ayub akacheka nao, na kugonga kukaendelea.

Ila kugonga kwa zamani na kugonga kwa siku hizi hakukuwa kitu kimoja. Kwa zamani kulikuwa uchangamfu wa mwili tu. Sasa kulikuwa kifuniko. Tangu mvua ndogo za mwaka uliopita, mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka wenyewe, hasa ukiwa umepumzika. Anakaa kusikiliza taarifa ya habari, anatazama pajani, anaona kidole gumba kinachezacheza na kidole cha shahada kana kwamba kinapukuchua punje ya mahindi isiyokuwepo. Akiukaza, unaacha. Akiusahau, unaanza. Ayub akagundua, kwa werevu ule wa mtu mwenye hofu, kwamba mkono unaogonga meza hakuna anayeuona ukitetemeka. Basi akagonga. Akagonga kuliko zamani, na hakuna aliyeuliza, maana nani huuliza mvua kwa nini inanyesha?

Sasa, angekuwa karani, ningesema aende hospitali, ameze dawa, maisha yaendelee. Lakini Ayub alikuwa mchinjaji. Katika machinjio ya kule chini karibu na mto Chania yeye ndiye aliyekuwa mkono wa kwanza, kama baba yake alivyokuwa kabla yake. Nyama inayoning'inia katika bucha nyingi za mji, ile inayochomwa Jumamosi na watu wasiojua hata kibla iko upande gani, ilikuwa imepita kwenye kisu chake, kwa sababu mwenye bucha anataka kila mteja ale bila wasiwasi. Na kazi hiyo ina sharti moja lisilo na mjadala: kisu kikishagusa shingo, hakiinuliwi mpaka kimalize. Hakuna kusita, hakuna kurudia. Mnyama asiteseke, na mlaji asiwe na shaka. Mchinjaji wa kutetemeka hana kazi, na Ayub bila kisu hakujua angekuwa nani. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, na hilo ndilo alilolificha.

Wachuka alimkuta hotelini karibu na stendi. Wachuka ni fundi wa minara ya simu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye hupanda vyuma kule juu Aberdare upepo ukivuma, kisha hushuka akaagiza chai na mandazi kama mtu aliyetoka sokoni. Siku hiyo alikuwa meza ya pili, buti zimejaa matope, akimtazama Ayub kwa muda mrefu.

"Mzee," akasema, "unajua umekuwa ukiniambia E tangu nikae hapa?"

"Nimekuambia nini?"

"E. Nukta moja. Ati E, E, E, E. Ningekuwa mtu wa hasira tungekuwa tumeshapigana."

Akasogeza kiti, akamweleza. Kuna lugha ya milio mifupi na mirefu, nukta na vistari, inaitwa Morse. Wapo watu wenye kibali cha kuitumia redioni, si kwa biashara, ni kwa mapenzi tu. Yeye ana kibali hicho. Nyumbani kwake Ruring'u amefunga waya kutoka paa la stoo hadi juu ya mti wa mukima, na kwa waya huo anaongea na watu wa Kiriaini, Kangema, Nanyuki, na siku hewa ikiwa nzuri, na watu wa nchi asizojua kuzitaja. "Mimi napanda minara wiki nzima," akasema. "Jumapili nataka kitu hakitaki mnara."

Alisema mengi mazuri, lakini nitakuwa mwongo nikisema Ayub aliyasikia. Alisikia jambo moja tu: kwamba duniani kuna ufundi ambapo mtu mzima hugonga kutwa kucha, na akiulizwa anajibu kwamba anafanya mazoezi.

"Jumapili saa ngapi?" akauliza.

Zuena alipoambiwa, alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kwa hivyo sasa umepata cheti cha kugonga! Mwanamume wa hamsini na mbili!" Lakini alikuwa mwanamke wa kupenda jambo jipya nyumbani, na mumewe aliporudi na kibonyezo cha shaba kilichofungwa juu ya ubao, pamoja na kijisanduku kinachotoa mlio, yeye mwenyewe alimpangulia nafasi mezani. Tangu siku hiyo ukawa mchezo wao. Akimwona amekaa, vidole vikidonoa goti au mkono wa kochi, humuuliza:

"Haya, Baba Jannat, leo vidole vinasema nini?"

Naye hujibu la kubuni. Vinasema chai imepoa. Vinasema umependeza. Vinasema yule binti yako Jannat apige simu kutoka Mombasa, asisubiri mpaka aishiwe pesa. Zuena hucheka, huenda zake jikoni, na Ayub hubaki akiutazama mkono wake. Mara nyingi ulikuwa hausemi kitu. Mara nyingi haukuwa hata ukifanya mazoezi. Kila kicheko cha Zuena kilimpa nafuu, kisha kikamwachia uchungu, maana alikuwa akimdanganya mtu ambaye hajawahi kumficha hata bei ya leso.

Kazini nako kifuniko kilifaa. Msaidizi wake, Shakir, mtu wa makamo ambaye Ayub mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na ambaye hushika kichwa cha ng'ombe wakati Ayub anachinja, alikuwa akiwaambia wachunaji, "Muacheni mzee, anaongea na Wazungu." Wakati wa mapumziko Ayub hukaa juu ya kreti na kugonga kisanduku cha chakula, na wao hucheka. Hakuna aliyeona lolote.

Mpaka siku ya fahali mweusi kutoka Karatina. Alikuwa mnyama mkubwa, mtulivu, wala hakuleta fujo. Ayub alisema bismillahi na takbira, akaweka kisu, akavuta, na katikati ya kuvuta mkono ukalegea. Kisu kiliteleza, kikatoka. Ilimbidi akirudishe. Mambo yote yalikwisha kwa pumzi moja, na daktari wa mifugo aliyekuwa kwa mbali na buku lake hakuona kitu. Lakini fahali aliona. Jicho lake lilimgeukia Ayub katika ile nafasi kati ya mkato wa kwanza na wa pili, nafasi ambayo haikupaswa kuwapo.

"Ni kisu?" Shakir akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni kisu," Ayub akajibu haraka. "Kimekuwa butu."

Hakikuwa butu. Aliporudi nyumbani alikinoa kwenye jiwe la uani. Kesho yake akakinoa tena. Ikawa kila jioni, kabla ya mazoezi ya Morse na baada yake, sauti ya chuma juu ya jiwe, shwa, shwa, shwa, mpaka Zuena akatoa kichwa dirishani: "Utanoa mpaka kibaki mpini, Baba Jannat. Kwani hicho kisu kimekukosea nini?"

Huku Ruring'u, Jumapili baada ya Jumapili, mwalimu wake alikuwa na malalamiko mengine. Ayub alishika herufi upesi kuliko wanafunzi wake wote. Kosa lake lilikuwa hazitenganishi. Herufi zote alizimimina kwa mkupuo mmoja, ya kwanza imeshikana na ya pili, ya pili na ya tatu, mpaka mwisho wa neno.

"Tuma jina yako," Wachuka akamwambia.

Akatuma.

"Unajua umetuma nini? P, M, I, M, S. Pmims! Huyo Pmims ni nani, na amemweka wapi Ayub?"

"Nimetuma Ayub. Nukta zote ziko."

"Ziko, lakini zimekanyagana kama kondoo kwa lango. Kati ya herufi na herufi, inua mkono. Ngoja. Kimya nacho ni sehemu ya maneno, mzee. Kwani ni nani alikufundisha hivyo?"

Ayub akaondoa mkono kwenye kibonyezo. "Baba yangu," akasema. "Kisu hakiinuliwi."

Wachuka alimtazama, akaelewa, wala hakucheka. Katika miaka yake ya kufundisha alikuwa ameona wanaotuma kwa woga, wanaotuma kwa majivuno, na vijana wanaotuma kwa kasi wasiyoweza wenyewe kuipokea. Mtu anayetuma kama anayechinja hakuwa amemwona. "Sawa," akasema. "Huko kwenu usiinue. Hapa kwangu inua."

Basi Ayub akajifunza kuinua. Ilimtesa, nakwambia. Aliyezoea kumaliza alichoanza, sasa anaambiwa asimame kila hatua mbili kama mzee anayepanda mlima. Alituma herufi, akashikilia kimya, akatuma nyingine. A. Kimya. Y. Kimya. Nyumbani alifanya mazoezi mpaka Zuena akaanza kutambua jina la mumewe kwa sikio, akawa analipiga kwa mwiko kwenye sufuria kumwita mezani. Wiki tatu, nne, na herufi zikaanza kusimama kila moja kwa miguu yake.

Na hapo ndipo shetani alipotokea. Maana alipokuwa akimimina, mkono haukupata nafasi ya kutetemeka. Sasa amejifunza kungoja, na mkono ukingoja ndipo unapoanza. Katika kile kimya, kimya kizuri alichokisumbukia, zikaanza kuingia nukta ndogo ambazo hakuzituma. A, iliyo nukta na kistari, inapata nukta ya tatu, inageuka R. Anarudia. R tena.

"Hii kibonyezo iko na shida," Wachuka akasema. Akatoa bisibisi ndogo, akalegeza skrubu, akapanua nafasi, akakaza springi, akasugua shaba kwa kipande cha karatasi. "Jaribu."

Ayub akajaribu. Nukta zile zile, nyembamba, kama kuku anayedonoa upande wa pili wa ukuta.

Wachuka akakifungua chote, akakifunga upya. Ayub alikaa akimtazama anavyohangaika na chuma kisicho na kosa, akakumbuka jiwe la uani, shwa, shwa, shwa. Alitamani amwambie aache. Hakumwambia.

Mwishowe Wachuka akakivuta kibonyezo upande wake, akatuma mstari mzima yeye mwenyewe. Ulitoka safi, kila herufi mahali pake, na kati yake kimya kitupu. Akaondoa mkono. Nje, paka alikuwa akitembea juu ya mabati.

"Mzee Ayub," akasema polepole, "hii imeanza lini?"

"Ni baridi. Si unaona Juni imeingia."

"Mimi hukaa kwa mnara na hiyo baridi. Baridi naijua."

Ayub aliuficha mkono chini ya meza. Alihisi aibu ambayo hajaihisi tangu utotoni, ya mtu aliyekutwa na kitu mfukoni. Akangoja maswali. Wachuka hakuuliza zaidi. Aliinuka, akaenda kwenye rafu, akarudi na kifaa kingine, chenye vibapa viwili vilivyosimama wima. Ukigusa cha huku kwa kidole gumba, kisanduku kinatoa nukta. Ukigusa cha kule kwa kidole cha shahada, kinatoa vistari. Urefu kinaupima chenyewe, na ukikirekebisha, mguso mdogomdogo wa bahati mbaya hukipita bila kuusikia.

"Watu wengi wanatumia hii," akasema. "Si wizi. Tuma."

Ayub akatuma. Jina lake lilitoka kama limechongwa. Akarudia, akacheka kwa sauti, akarudia tena. Miezi yote hiyo hakuwa amesikia kitu chake kilichonyooka namna hiyo.

Wachuka akawasha redio kubwa. "Leo unaenda hewani," akasema, "kwa kibali yangu, na mimi nikiwa hapa." Akatafuta masafa, akaita, na kutoka ng'ambo ya vilima akajibu Mugo, mtu wa Kiriaini anayefanya kazi katika kiwanda cha chai, ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumwona uso. Wachuka akampisha Ayub kiti. Ayub alituma jina lake, akatuma Nyeri, akatuma kwamba ni mgeni. Jasho lilimtiririka mgongoni pamoja na baridi yote. Kisha kikaja kimya, kisha jibu, polepole, la mtu anayemhurumia mwanafunzi. Ayub alilipokea herufi kwa herufi, midomo ikimchezacheza: KARIBU AYUB. MKONO WAKO SAFI SANA.

Wachuka alipiga meza kwa kiganja. "Umesikia? Mugo hasifu mtu! Mimi alinisifu mwaka wa tatu!"

Furaha ilimpanda Ayub hadi masikioni. Akaiacha ikae kidogo. Halafu ikashuka yenyewe. Mkono safi. Mugo wa watu alikuwa amekisifu kisanduku.

Wachuka alimsindikiza hadi barabarani. Walitembea, yeye mikono ndani ya koti, Ayub vidole vikigonga paja. Penye lami mwalimu akasimama.

"Mimi si daktari," akasema. "Lakini nikwambie kitu moja. Huku hewani naweza kukufichia. Kule kwako kwa kazi, sijui."

Ayub akaitikia kwa kichwa, akaondoka kwa hatua za haraka mno kwa mtu asiye na safari.

Siku zilizobaki kabla ya Idi ya kuchinja hakukaa mahali. Alikwenda machinjioni mapema, akarudi, akanoa, akatoka kwenda sokoni bila kitu cha kununua, akarudi, akanoa. Alijijibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza. Mkono ukifanya kazi hautetemeki, si ndiyo? Unatetemeka ukipumzika tu. Yule mweusi wa Karatina alikuwa bahati mbaya. Kila mchinjaji ana siku moja mbaya. Na Idi hii ipite tu, ipite, halafu ataona la kufanya. Kila mwaka yeye ndiye huwachinjia watu wa Majengo fahali wao wa kwanza, mbele ya wazee na watoto, na baba yake aliwachinjia kabla yake. Asipofanya mwaka huu ataulizwa kwa nini. Akiulizwa kwa nini atasema nini? Hivyo ndivyo alivyozunguka, kama ng'ombe wa kamba fupi.

Fahali wa Idi aliletwa na Roble, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, jana yake kwa lori. Mnyama wa rangi ya kahawia, pembe moja imeinama, mwenye shingo nene ya kutia mtu heshima. Familia kadhaa zilikuwa zimechanga. Asubuhi, baada ya swala, watu walikusanyika uwanjani nyuma ya msikiti wakiwa na kanzu zao juu ya masweta, maana ukungu ulikuwa haujaondoka na pumzi za watu zilionekana. Zuena alikuwa upande wa wanawake, karibu na masufuria, na alimpungia mumewe mkono kwa mwiko.

Wanaume wakamwangusha fahali, wakamfunga miguu, wakamwelekeza kibla. Shakir akapiga goti, akashika kichwa, akanyoosha shingo. Ayub akapiga goti upande wake. Akatoa kisu alichokificha nyuma ya kanzu, maana mnyama haonyeshwi kisu. Kilikuwa kimenolewa hadi kimekonda. Mazungumzo yakakatika, watoto wakanyamazishwa, na uwanja mzima ukawa kimya.

Na katika kile kimya mkono ukaanza.

Aliuona kabla ya mtu mwingine. Ncha ya kisu ilikuwa ikicheza hewani, kidogo sana, kama jani. Akafanya alichokizoea: akaanza kugonga mpini kwa kidole cha shahada. Shakir akainua macho, akatabasamu.

"Mzee, hata leo? Unampigia nani simu?"

Watu walio karibu wakacheka. Roble mwenyewe akacheka. Kutoka kwa masufuria Ayub akasikia kicheko cha Zuena juu ya vingine vyote. Wote walikuwa wameamini. Angeweza kuweka kisu sasa hivi, akavuta, na kama mkono ungelegea wangesema kisu, au pembe, au shingo nene. Angepata Idi nyingine mbele yake, na nyingine, akigonga.

Fahali akapumua, pumzi moto ikampiga Ayub kwenye goti. Jicho lilikuwa limetulia. Halikujua kitu, wala halikuwa likimlaumu yeyote. Ayub alilitazama, na hofu yake yote ya miezi ile, ya kazi, ya jina, ya watu watasema nini, ikajikuta imesimama mbele ya jambo dogo la wazi: kwamba huyu ndiye atakayelipa. Kisu kikishagusa hakiinuliwi. Lakini kilikuwa hakijagusa.

Akakiinua. Akakigeuza, mpini mbele, akampa Shakir.

"Chinja wewe."

"Mzee?"

"Mkono wangu unatetemeka." Alisema kwa sauti iliyofika mbali kuliko alivyotaka. "Si redio. Haijawahi kuwa redio. Ni tangu mvua ndogo. Yule mweusi wa Karatina nilimkata mara mbili, na kisu hakikuwa na makosa. Chinja wewe, Shakir."

Hakuna aliyecheka tena. Shakir alikuwa amefungua mdomo, uso umemwiva kama aliyepigwa kofi. "Lakini Mzee, si sisi kila siku tulikuwa tunakutania..."

"Najua. Shika kisu, mnyama anangoja."

Wakabadilishana nafasi. Ayub akakumbatia kichwa cha fahali kwa mikono yote miwili, shavu lake karibu na ile pembe iliyoinama, na kwa uzito ule mkono wake wa kulia ukatulia kabisa. Alimsikia Shakir akisema bismillahi, Allahu akbar. Alisikia kisu kikipita mara moja, kirefu, bila kusita, kama alivyomfundisha. Akafumba macho. Alikuwa akilia, na hakujali ni nani anayeona.

Alifika nyumbani peke yake, akavua kanzu yenye damu, akaoga, akakaa kwenye kochi. Zuena alikuja baadaye na fungu lao la nyama. Hakumsalimu. Aliingia jikoni moja kwa moja, na kwa muda mrefu zilisikika sauti za visu na vifuniko tu, na harufu ya pilau ikaanza kujaa nyumba. Ayub hakujua kama amekasirika. Alikuwa na haki.

Kibonyezo kilikuwa mezani pale pale, shaba yake imeshika mwanga wa dirisha. Hakukigusa. Mkono ulikuwa pajani, ukitetemeka, kidole gumba na cha shahada vikipukuchua punje yao isiyokuwepo, naye kwa mara ya kwanza aliuacha utetemeke.

Zuena akatoka jikoni, akajifuta mikono, akakaa karibu naye. Alitazama dirisha, kisha meza, kisha mkono. Na mdomo, ambao ni mtumwa wa mazoea, ukasema wenyewe:

"Leo vidole vinasema nini?"

Akashtuka, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Ayub angeweza kusema vinasema pilau inanukia. Ilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Havisemi kitu, Mama Jannat," akasema. "Ni kutetemeka tu. Siku zote ilikuwa kutetemeka tu."

"Na mimi nilikuwa nacheka," Zuena akasema. "Kila siku. Mbele ya watu. Nilikuwa nauliza na kucheka."

"Nilitaka ucheke."

"Mimi sikutaka kucheka. Nilitaka kujua."

Akauchukua ule mkono, akaufunika kwa mikono yake miwili, akauweka kifuani. Haukutulia. Uliendelea kutetemeka humo ndani, na Zuena aliinamisha kichwa akiusikiliza. Jikoni pilau ikaanza kushika chini, harufu ikageuka, na hakuna aliyeinuka.